Kalamu ya Karani

Ofisi ya mazishi ya Guidroz ina baridi ya mashine
na bakuli la peremende zisizoliwa na mtu.
Karani ameshaandika jina: Odalie Fontenette.
Ameshaandika umri: themanini na mitano.
Kisha kalamu ikasimama hewani
kama nzi anayetafuta pa kutua.
"Rangi?" akauliza. "Nimwandike nini?"

Nilikuja na bahasha. Niliikuta chini ya godoro lake,
imefungwa kwa utepe wa kofia.
Nakala ya sensa ya 1920, naye hana hata jino:
mulato. Herufi mbili tu, M na u;
pengine karani wa siku hiyo aliona mvua inakuja.
Sensa ya 1930: Mweusi.
Miaka kumi, na hakuna aliyemwagia wino.
Walibadilisha orodha huko Washington,
mtoto akaamka kwenye safu nyingine
na uji wake ni uleule.

Kisha kadi ya kazi, Beaumont, wakati wa vita:
Mweupe.
Duka la kofia la Bi Tarver.
Miaka miwili alizipima kofia kwenye vichwa vya wanawake
ambao wasingekaa naye benchi moja la basi.
Habari hiyo alinipa mara moja, akiambua kamba,
macho kwenye beseni:
"Sikudanganya. Hawakuuliza. Walinitazama, wakajijibu."
Hadi siku Ulalie, dada yake, baba mmoja mama mmoja,
mweusi tii, viatu vimejaa vumbi la Louisiana,
aliposukuma mlango akasema,
"Odalie, mama hawezi."
Duka zima likageuka.
Bibi akaweka chini kofia ya mtu,
akamshika dada mkono,
wakatokea mlango wa mbele.
Wa mbele. Hilo alilirudia.
Mshahara wa wiki ile hakuupata.
Utepe ndio alioondoka nao.

Na mimi?
Mama ni bintiye; baba ni Halvorsen wa Duluth,
mtu wa theluji na samaki wa moshi.
Darasa la tatu nilipewa fomu: chagua kimoja.
Nikachagua, nikafuta, nikachagua kingine, nikafuta,
karatasi ikatoboka.
Kwenye tundu nikaona ubao wa dawati,
rangi ya kahawia, haukuulizwa kitu.
Tangu hapo, kwenye foleni, kwenye harusi, kwa daktari wa meno,
wananiuliza: wewe ni nini?
Nini. Si nani.
Irabu moja tu, nami nimehamishwa
kutoka kwa watu kwenda kwenye vitu.

Karani anasubiri. Anasema, kwa upole,
siku hizi unaweza kuchagua hata viwili.
Nikaanza kufungua mdomo. Nilitaka vyote.
Nilitaka karatasi ya pili.

Lakini binti wa Ulalie, Shangazi Ernestine,
aliyekuwa kimya, mkoba mapajani,
akasema: "Andika Mweusi.
Aliulipia."

Wino ukashuka.
Sikubisha. Sijui kama ningeweza.
Halafu karani akanigeukia, akanipima
usoni, kwenye nywele, usoni tena,
nikajiandaa, kama ninavyojiandaa siku zote.
"Na wewe ni nani kwa marehemu?"
Nilikaribia kumwomba arudie.
"Mjukuu," nikasema.
Akaandika.
Hapo palikuwa na mstari tu. Hapakuwa na visanduku.