Nusu Milimita

Kwenye kioo cha kompyuta silinda haivuji.
Naikata katikati, naona pistoni ikishuka, kijani, safi,
namba za shinikizo zimekaa kwa adabu.

Hapa Mwandiga kuna pipa la chikichi zilizochemka,
kuna parafujo na mti wa kusukuma,
na Butoyi, dada yangu, anazunguka pekupeku
kwenye utelezi wa mawese tangu alfajiri.

Silinda niliichongesha Ujiji, kwa deni.
Siku ya kwanza oringi ikatema.
Mafuta ya pampu yakaanza kuposa mawese;
mama akafunika sufuria kwa kanga yake.
"Mwaka wa nne," akasema, "na bado inavuja?"

Nikaurudia mchoro. Mfereji wa oringi:
nusu milimita. Usiku ule
betri ilikuwa inakata roho, na mimi nasinzia.

Leo Butoyi amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.
Mkono mmoja kwenye mpini wa pampu,
mwingine una muhogo wa kuchoma.
Mawese yanashuka mekundu, hayana haraka.

Profesa atauliza ufanisi ni asilimia ngapi.
Ninayo namba; nimeikokotoa mara mbili.
Lakini kwanza nitaandika: amekaa.