Nakuja

Kwetu mtu huondoka akisema "nakuja."
Mguu mmoja uko nje, mkono uko kwenye komeo,
kisogo tayari kimekugeukia,
na mdomo bado unasema: nakuja.
Sijui nani alitufunza kuaga hivi.

Kunde hajui Kiswahili. Ana wiki tisa.
Alitoka Limuru ndani ya katoni ya sabuni
iliyotobolewa matundu manne ya pumzi,
na usiku wa kwanza alilala juu ya kiatu changu.
Asubuhi nikafunga mlango, nikashuka.
Nilipofika ghorofa ya pili nikaisikia,
sauti nyembamba kama sindano
ikipita kwenye saruji.

Jioni Mutisya alinisubiri langoni.
"Mbwa wako amelia tangu saa mbili mpaka saa saba.
Mama Chebet ana mtoto mchanga.
Mwenye nyumba akisikia, mimi simo."
Nikamnunulia soda.
Soda haikumnyamazisha mtu.

Kiwandani nikaomba siku nne za likizo.
Msimamizi akauliza, nani amefariki?
Nikasema hakuna. Kuna mtu namfunza kubaki.

Nilishika funguo mara ishirini bila kwenda popote,
mpaka mlio wake ukawa mlio tu, kama wa kijiko.
Nilivaa koti nikasonga ugali nalo.
Nilitoka, nikahesabu kumi, nikarudi kabla hajalia.
Nikatoka, nikahesabu thelathini.
Nikatoka, nikahesabu mia, akalia kwenye tisini na mbili,
tukarudi kwenye hamsini, mimi na yeye,
kama watu waliosahau njia ya Kahawa West.

Baridi ya Julai. Nimekaa kwenye ngazi, sikio ukutani.
Mama Chebet akafungua, mtoto mgongoni.
"Umefungiwa nje?"
"La. Nimejifungia mwenyewe."
Akanitazama, akaingia ndani,
akarudi na kigoda.

Nilikuwa na miaka sita, Makongeni.
Mama aliniachia nusu mkate na redio inayokoroma.
Akasema nakuja.
Alikuwa anakwenda Kericho kuchuma chai, miezi minane,
na shangazi alijua, na jirani alijua,
hata mwenye duka aliyenipa peremende bure alijua.
Nilikaa kizingitini mpaka giza likanifikia magotini.
Sikulia. Wakanisifu:
mtoto mzuri huyu, hasumbui mtu.

Ndiyo maana siku ya tatu,
saa nzima ilipopita bila sauti,
sikufurahi.
Ukimya ule naujua. Niliwahi kuishi ndani yake.
Nikashuka kwenye kigoda, nikalala kifudifudi
juu ya sakafu aliyoideki Mutisya,
shavu kwenye maji ya dawa,
nikachungulia kwenye upenyo chini ya mlango.

Niliona mguu wa meza.
Niliona koti langu la kazi, lile la kiwanda cha biskuti,
linalonuka vanila hata likifuliwa mara tatu.
Na juu yake Kunde, chali, miguu minne hewani,
tumbo likipanda, likishuka,
mdomo umefumbia kishikizo.

Nilibaki pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Mama Chebet alinipita na ndoo. Hakuuliza.

Jumatatu nikamwachia koti na mfupa.
Sikumkumbatia mlangoni, sikumbembeleza,
sikumwambia neno lolote la kumdanganya.
Nilikwenda.
Biskuti zikapita mbele yangu siku nzima, safu kwa safu,
nami nikihesabu vitu vingine.

Jioni Mutisya akasema, "Nilidhani umemhamisha."
Nikapanda ngazi mbili mbili.
Mkekani palikuwa na kojo,
na kiatu changu cha kushoto hakina tena ulimi.