Robo

Mgongo ulipona mwezi wa Rajabu.
Vidonge vikabaki na kazi yao.

Usiku wa pili bila, Mwembe Tayari,
feni imezimwa kwa ajili yangu, natetemeka,
miayo haiishi, miguu yapiga ukuta wa jirani.
"Arosto," akanong'ona Mwanakheri.
Neno la vijana wa maskani!
Mimi? Karani wa bandarini, mwenye cheti cha daktari?

Kulipokucha akanifunga vifungo vya shati,
tukaenda Makadara.
Dakta Mbeyu hakushtuka.
"Usiache ghafla, baba. Wiki hii toa robo tu,
Jumatatu urudi tukutazame."

Jioni Mwanakheri akakikata kwa wembe,
taratibu, kama akataye kucha za mtoto mchanga.

Robo imelala kwenye kisahani.
Ameifunika kawa.
Sote wawili twajua ilipo.