Nyuma ya Risiti

Holo, mashine yako iko tayari. Njoo kabla sijafunga;
leo nafunga saa kumi na moja kwa sababu ya umeme,
si uvivu.
Elfu kumi na tano ni ya feni, na vumbi nililotoa ndani,
vumbi la Igoma, na mbawa za visubi wa ziwa.
Wanapenda mwanga wa kioo. Huingia humo kufa.
Haya mengine sidai.

Ile programu ya kuandikia iliyokuwa ikikukumbusha kila asubuhi
kwamba muda wako umekwisha, kama mwenye nyumba mlangoni,
nimeifuta. Nimekuwekea LibreOffice, haina kodi.
Hesabu za kikundi chenu cha dagaa zimefunguka humo,
safu zote, hata ile ya madeni
ambayo nadhani mhazini aliombea isifunguke.

Koni ya rangi ya chungwa, kama zile za trafiki pale Buzuruga,
hiyo ni VLC. Video ya harusi, ya mahubiri,
ya mtu aliyejirekodi akicheka tu:
itaifungua, na haitauliza imetoka wapi.

Kuna nyingine inaichora diski kwa vipande vya rangi,
kilicho kizito ndicho kikubwa.
Nilipoichungulia nikakumbuka ghuba mwaka ule
magugumaji yalipofika hadi gatini:
kijani cha kupendeza, na boti haipiti.
Magugu yako ni filamu moja, Holo,
umeinakili mara tisa.
Sijaigusa. Ng'oa mwenyewe.

Mjomba Lugendo husema cha bure kina mwenyewe.
Basi soma kabla ya kubonyeza.
Kitufe kikubwa kinachometameta, PAKUA SASA,
huyo ni dalali wa Mwaloni, sauti tupu;
mwenye samaki amekaa pembeni, kimya,
kwa maandishi madogo ya bluu.

Sasa, ile flashi.
Ulisema ina picha za Bwire. Ulisema polepole,
ukasema pia mtoto ndiye aliyefomati,
ukamtetea kabla sijauliza.
Inaitwa PhotoRec. Haina sura:
dirisha jeusi, maandishi meupe, salamu hakuna.
Niliiacha usiku kucha ikiokota.
Zimerudi picha mia nne na kumi na mbili.

Majina hayakurudi.
Inaokoa mwili, jina haiokoi;
kila picha imepewa herufi na tarakimu
kama mgonjwa aliyeletwa Bugando bila ndugu.
Nilifungua mbili tu, za kuhakikisha:
mwanamume kwenye kivuko cha Kamanga, shati limejaa upepo;
kisha yuleyule, amefumba jicho moja kwa jua.
Hiyo ya pili nimeiita Bwire.
Nisamehe kama siye.
Nyingine utaziita wewe, ukiwa na nafasi,
usizimalize siku moja.

Waliotengeneza programu hii siwajui.
Sijui wanakula nini. Hawakunidai hata vocha.

Nakili mara mbili. Nakala moja ipeleke Sengerema kwa dada yako,
mbali na vidole vya mtoto.
Na risiti hii usiitupe:
upande wa mbele, penye bei, wino wake ni wa joto,
utakuwa umefifia kabla ya Krismasi.
Huku nyuma nimetumia kalamu.