Herufi Moja

Kati ya kutoka na kutoa
ipo herufi moja tu.
Brăila, majira ya baridi ya themanini na sita,
herufi hiyo ilivaa koti la ngozi,
ikavuta kiti kando ya kitanda namba saba
ikingoja Domnica ataje jina.

Mimi nilishika beseni.

Daftari la wodi lilikuwa na safu zake,
zimepigwa rula na mtu mwenye subira.
Mimba inayotishia kutoka: damu matone, mlango wa kizazi bado umefungwa,
mlaze, mngoje.
Isiyozuilika: mlango umefunguka, usimdanganye mama.
Isiyokamili: kipande kimesalia ndani,
na kipande hicho hakina haraka.
Iliyokamilika.
Iliyonyamaza, ambapo kijusi kimekwisha
na mwili haujapata habari.
Ya mwisho kwa wino mwekundu: yenye usaha.

Haikuwepo safu
ya meza ya jikoni, pazia limeshushwa,
jirani na mpira mwembamba
uliochemshwa katika sufuria ya kabichi.

Domnica Tudose, mfumaji wa kiwanda cha nyavu,
watoto watatu, homa arobaini na moja kasoro nukta.
Tumbo gumu kama ubao wa kukatia mkate.
"Niliteleza kwenye barafu," alisema.
Mwaka ule wanawake wote wa Brăila waliteleza,
hata Agosti.

Daktari Pârvu alinawa mikono, akanawa tena,
akasimama nyuma ya mlango na mikono yake misafi.
Asiguse mpaka mwenye koti apate jina.
Wahenga husema mficha maradhi kifo humfichua.
Hawakusema kitu
juu ya anayeficha huku kifo kimekaa naye kitandani
na sheria imekalia kiti.

Mkojo ukawa rangi ya chai iliyokolea,
kisha vijiko viwili,
kisha hamna.
Figo ni waungwana, huondoka bila kuaga.
Sumu ikatembea katika damu usiku kucha
na mimi nikatembea nayo, nikibadilisha vitambaa.
Alhamisi, kabla maziwa hayajaletwa,
jina alilolificha likaondoka naye.

Nikafungua daftari.
Nikaandika: kutoka.
Ile k niliikoleza wino,
watoto watatu wasije wakaulizwa.
Ilikuwa ndiyo dawa pekee
niliyoruhusiwa kutoa.

Sasa Ilinca, mwanafunzi wangu, kidole kwenye ukurasa,
ananiuliza hatari kama mtu anayeuliza bei.
Namjibu.
Vidonge: cha kwanza leo, vingine kesho au keshokutwa,
tumbo litakaza, damu itakuja kuliko ya mwezi,
na kwa walio wengi mambo huishia hapo.
Pampu: dakika chache, mikono iliyofunzwa, vyombo vilivyochemshwa
mahali pasipopikwa kabichi.
Hatari zipo, mwanangu. Sikufichi.
Kipande kinaweza kusalia.
Kizazi kinaweza kutobolewa, mara chache, lakini kinaweza.
Na mimba iliyotunga nje ya kizazi haisikii vidonge hivyo;
maumivu ya upande mmoja yasipuuzwe.
Kwa hiyo mwambie kila anayetoka hapa:
ukilowesha pedi mbili nzito kwa saa, saa mbili mfululizo, njoo.
Homa ikigoma kushuka, njoo.
Harufu ikibadilika, njoo, hata usiku wa manane.
Uje na jina lako tu.
La mwingine hatulihitaji.

Ilinca anaandika yote, mwandiko mzuri.
Hajui kwa nini namwambia asipige rula.

Nje, Danubi imeganda kingoni,
na ngazi za kliniki zinang'aa kama kioo.
Leo alfajiri, kabla ya mtu yeyote,
nilimwaga chumvi kwa mkono wangu
kutoka beseni lile lile,
ngazi baada ya ngazi,
asiteleze mtu.