Nyongeza

Baba alitandika gunia la katani barazani,
akavipanga vipimo vitatu kwa kupapasa:
pembe ya digidigi,
kifundo cha mwanzi,
ganda la shaba lililokatwa kwa tupa.
"Chagua," akasema. "Macho yangu yamestaafu."

Nguruwe pori wameshaingia mara mbili
kwenye mihogo yetu ya Tutuo.
Gobore liko darini, kibali chake ndani ya nailoni,
kimekunjwa mara nne, mhuri umefifia.
Kaka zangu wako Urambo kwenye tumbaku ya watu.
Nimebaki mimi, muuza karanga wa soko la Sikonge,
ninayejua kopo na sado, basi.

Sikugusa baruti. Nilileta ulezi.
Nikajaza pembe, nikamimina, nikajaza, nikamimina,
vilima kumi juu ya gazeti la zamani,
na havikufanana hata viwili:
mdomo wa pembe umelika upande mmoja,
pale babu alipokuwa akiiuma
mikono yote miwili ikiwa kazini.
Mwanzi sikuupa hata nafasi.
"Huo hunywa masika," baba alisema,
"kiangazi unakaukiana na mwenyewe."

Shaba ikanipa vilima kumi
kama watoto wa darasa moja siku ya kupigwa picha.
"Hili," nikasema. Baba akanyamaza.
Ndipo nikakumbuka. Ganda lilikuwa la Ba'mdogo Lugendo,
anayekunywa uji kwa mkono wa kushoto
kwa kuwa wa kulia umebakiwa na gumba na hadithi.

Nikalirudisha kwenye gunia haraka.
Baba akalitafuta, akalipata,
akanifumbatisha.
"Ganda halina kosa. Alilijaza,
akafuta mdomo kama nilivyomfunza,
kisha akasema, yule nguruwe ni mkubwa.
Akaongeza kidogo, kwa ncha za vidole.
Hizohizo."

Hapo nikautazama mkono wangu.
Miaka kumi na saba sokoni
haujamimina kopo bila kurudi kwenye lundo
kuchota zile chembe za juu, chembe za heri.
Mteja hajaomba, mkono umeshakwenda.
Mama alinifunza: kopo lisilo na nyongeza
halirudiwi.
Na shuleni walituimbisha haba na haba,
hakuna aliyetuambia, kibaba kikishajaa,
haba inayofuata inaitwaje.

Nikajaza shaba, nikafuta kwa unyoya wa kanga.
Mkono ukarudi kwenye lundo.
Nikaukataza. Ukarudi.
Baba, asiyeona, alisikia chembe tatu
zikidondoka juu ya gazeti.
"Tena," akasema.

Tena. Ulezi ukaingia nyufa za sakafu,
sisimizi wakapanga foleni,
kuku akaja kula somo langu, akafukuzwa, akaja.
"Tena."
Jioni mkono ulikaa pajani
kama mgeni aliyeambiwa asisaidie vyombo.

Usiku wa tatu walikuja.
Nilipima ndani, mlango wazi, mbali na koroboi,
mwezi ukinitosha, baba akisikiliza vidole vyangu
mpaka aliporidhika na ukimya wao.
Mlio mmoja, juu, hewani.
Mihogo ikatikisika kuelekea msituni.
Nikavihesabu vidole gizani:
kumi. Kisha nikavihesabu tena.

Asubuhi sokoni Mama Kalunde akanyoosha mfuko wake.
Nikajaza kopo,
nikalifuta mdomo kwa kiganja, sawa na ukingo,
nikammiminia.
Hakuuondoa mfuko. Aliuacha wazi,
akanitazama, akautazama mkono wangu
uliokaa pajani, kimya.
"Nyamizi," akasema,
"kwani tumekosana?"