Chokaa Shambani

Karatasi ya maabara yasema: nne nukta saba.
Mavyaa hakuhitaji karatasi;
alilamba bonge la udongo, akatema:
"Umechacha, kama uji wa juzi."

Chai ya Kisia hunawiri katika uchachu huohuo;
mahindi yangu hulala njaa mbele ya sahani,
majani yamegeuka zambarau,
nami miaka kumi na mitatu
nikisingizia baridi ya Chavakali,
nikiongeza mbolea ileile.

Leo namwaga chokaa: magunia manne, robo ekari.
Kisia aniita toka kwenye majani chai: "Wajenga?"
Sijengi.
"Basi wapaka kaburi la nani?"

Nacheka, unga mweupe nyusini.
Mvua ndiyo itakayomjibu.
Ikishindwa msimu huu,
basi ule wa maharagwe.